Kiti cha Cherehani: Mkono wa Kushoto

Kitu cha kwanza alichokiona Mama Fundi kilikuwa uzi.

Uzi mfupi wa bluu, umejilalia juu ya mkono wa kushoto wa gauni kama unywele kwenye mto. Aliupuliza, haukwenda. Akaubandua kwa ukucha, akauweka kwenye mkono wa kulia. Ukapotea.

Akaupapasa kwa kidole, akaukuta palepale. Akaurudisha kushoto. Ukaonekana tena, waziwazi, kama unamcheka.

Ndipo alipolipeleka gauni dirishani na kulisogeza pazia kidogo tu, kiasi cha mwanga kupenya. Ndipo moyo ulipomshuka mpaka kwenye ndara. Na ndipo, msomaji, tulipomwacha wiki iliyopita, mlango ukigongwa.

Bado unagongwa.

Gauni lilikuwa la bluu iliyoiva, ile ya wino. Mwili bluu, kola bluu, mkono wa kulia bluu. Mkono wa kushoto ulikuwa mweusi tii.

"Hodi," ilisema sauti ya nje. Haikuwa sauti ya kuomba kuingia. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kuingia darasani na watoto wote wakasimama.

Mama Fundi akasimama wima zaidi, ingawa alikuwa amesimama tayari.

"Karibu, Mwalimu."

Kama gazeti lako la wiki iliyopita lilikwenda kufungia sabuni, shika haya upesi kabla Mwalimu Mkuu hajavua viatu.

Cherehani ile ilikuwa ya mama mkwe, ambaye nyumba nzima humwita Bibi. Siku Bibi aliposhindwa kutunga uzi kwenye sindano, hakumsubiri mtu amwambie. Aliinuka, akakipangusa kiti kwa kiganja, akamwambia mke wa mwanawe: "Kaa. Na siku sindano itakapokukataa na wewe, utainuka kama nilivyoinuka mimi." Ikawa ndiyo sheria ya nyumba. Anayefuata kwenye foleni ni Wifi, anayekaa ng'ambo ya barabara, na ambaye keshashona kabisa mto wa kukalia wa kipimo cha kiti kile.

Sasa siri yenyewe ni hii. Sindano imeshamkataa Mama Fundi, tena zamani. Anayejua ni mmoja tu, Binti, mtoto wake wa kwanza, anayeuza kwenye duka la mikate. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Binti hutunga uzi kwenye cherehani, kisha hutunga sindano za mkono, rangi moja baada ya nyingine, na kuzichomeka nyuma ya pazia la dirisha ambako hakuna mtu wa kuchungulia. Nyuzi nyeusi kushoto, bluu katikati, nyeupe kulia, na nyingine pembeni. Uzi wa cherehani ukikatika mchana, Mama Fundi hushikwa na kiu ya ghafla, akaenda kukoroga chai mpaka Binti arudi. Majirani wanaamini hakuna mwanamke anayependa chai kama yule.

Na kwa sababu pazia lilikuwa na siri, pazia halikufunguliwa. Na kwa sababu halikufunguliwa, chumba kilikuwa na giza. Na katika giza lile, mezani kulikuwa na vitambaa viwili, cha bluu cha Mwalimu Mkuu na cheusi cha sketi ya Bibi, na mkasi mmoja.

Mengine umeshayajua.

Mwalimu Mkuu aliingia na mkoba wake mkubwa wa ngozi, akalitazama gauni lililokuwa mikononi mwa Mama Fundi. Mchana ule ule alikuwa anaagwa shuleni. Anastaafu. Atasimama uwanjani, kwenye jua, mbele ya walimu, wazazi na kila mtoto mwenye macho mazima.

"Limekwisha?"

"Limekwisha, Mwalimu. Nilikuwa nataka kulipiga pasi mara nyingine."

"Pasi ya nini? Limenyooka. Lete."

Akalipokea. Akalisogeza karibu na uso, akalisogeza mbali, akalirudisha karibu, kama mtu anayepiga tarumbeta. Mama Fundi akafumba macho akingoja.

"Rangi imekaa," alisema Mwalimu Mkuu.

Mama Fundi akafumbua jicho moja.

"Umesemaje, Mwalimu?"

"Nasema rangi imekaa. Hapa na hapa, yote sawasawa." Alikuwa anaonyesha mkono mweusi, kisha mwili wa bluu. Halafu akafungua mkoba kutafuta leso, na ndani ya mkoba kikachomoza kibweta cha miwani. Akakisukuma chini haraka, kama mtu anayemficha mtoto mtundu chini ya meza.

Mama Fundi alikiona. Kumbe na huyu.

Wakabaki wametazamana, wanawake wawili wasioona vizuri cha mbele ya pua, kila mmoja akiomba mwenzake asije akagundua.

"Umeikagua kazi yako?" aliuliza Mwalimu Mkuu.

"Nimeikagua, Mwalimu."

"Mara moja?"

"Mara mbili."

Ndilo jibu alilokuwa akimpa tangu utotoni, darasani, kwa mwalimu huyuhuyu, na lilikuwa na ukweli uleule.

Mwalimu Mkuu akaenda kuvaa nyuma ya kabati. Mama Fundi alibaki akizunguka meza. Kumwambia? Akimwambia, ataulizwa ilikuwaje. Akijibu ilikuwaje, atainuka kwenye kiti. Asipomwambia, mwanamke aliyemfundisha kuandika jina lake atasimama juani na mkono wa mtu mwingine.

Mwalimu Mkuu akatokea. Gauni lilimkaa kama alizaliwa nalo. Hilo hata adui angekiri. Mabega yamelala, kiuno kimeshikwa, pindo limenyooka. Ni ule mkono tu uliokuwa unaning'inia pale kama mgeni asiyealikwa.

"Mwalimu, nilikuwa nafikiria labda mtandio. Hapa begani. Bega la kushoto."

"Wa nini?"

"Unaongeza heshima."

"Heshima ninayo."

"Ni kweli, Mwalimu. Basi labda niupunguze mkono kidogo. Huu wa kushoto. Niutoe kabisa, niurudishe kesho."

"Nitakwenda kuagwa na mkono mmoja?"

"Au uwe unaunyanyua wa kulia tu, unapowapungia."

Mwalimu Mkuu akashika kiuno. "Wewe hata darasani ulikuwa hivi. Swali la kwanza unajibu, la pili unatazama dirishani. Una nini?"

"Sina kitu, Mwalimu."

Msomaji, kama kuna saa mbaya ya mume kurudi nyumbani, ndiyo hiyo. Na ndiyo saa aliyorudi.

Baba watoto ni fundi rangi. Anapaka nyumba za watu. Ni mtu anayeweza kusimama mbele ya kuta mbili nyeupe na kukuambia hii ni nyeupe ya hospitali na ile ni nyeupe ya aliyeishiwa. Aliingia kwa mlango wa nyuma na rangi ya kijani kwenye nywele, akainama kwa adabu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Unanionaje?"

Akamtazama. Macho yakaanzia kwenye kola, yakashuka, yakahamia kulia, yakahamia kushoto. Yakagota hapo.

"Mwalimu, huo mkono..."

Mama Fundi akamkanyaga mguu.

"Umekaa vizuri," alimalizia mwenyewe. "Si ndivyo ulivyotaka kusema, Baba watoto?"

"Umekaa," alisema mumewe polepole. "Ila ule mwingine..."

Akakanyagwa tena, safari hii kwa kisigino.

"Na wenyewe umekaa," alisema, na machozi yakamlenga.

"Mume wako anaumwa?" aliuliza Mwalimu Mkuu.

"Ni ile harufu ya rangi, Mwalimu. Huwa inampanda kichwani."

"Basi apumzike. Mimi nawahi."

Akachukua mkoba, akavaa viatu. Alipofika mlangoni aligeuka, na uso wake mkali ukalegea kidogo.

"Nilikuwa na mafundi wengi wa kuchagua," alisema. "Nikasema hapana. Siku ya mwisho nataka nivae kitu kilichoshonwa na mtoto wangu wa darasani."

Akatoka.

Mama Fundi alihisi neno limempanda kutoka tumboni, likapita kifuani, likafika mpaka kwenye meno.

"Mwalimu, ngoja," alisema, akatoka nyuma yake mbio, pekupeku.

Lakini alichelewa. Mtaani kulikuwa na mtu aliyemtangulia kuongea.

Lazima nikueleze kitu kuhusu macho ya Bibi. Kilicho mkononi mwake haoni. Sahani yake anaipapasa. Lakini kilicho mwisho wa mtaa anakiona mpaka kifungo chake. Akiwa bado mbali, akirudi kutoka kumtembelea shoga yake, alisimama katikati ya njia na kuegemea fimbo.

"Mwalimu," aliita. "Mbona umeazima mkono wa mtu?"

Jirani aliyekuwa anaanika nguo akaacha kuanika.

"Mkono gani, mama?" aliuliza Mwalimu Mkuu.

"Huo wa kushoto. Gauni la bluu, mkono mweusi. Au ndiyo mitindo ya siku hizi?"

Mwalimu Mkuu akaunyoosha mkono mbele yake, mbali kabisa, mpaka kiwiko kikalia. Juani, kwa urefu ule, hata yeye aliona. Akainua nyusi, zile anazozijua kila aliyewahi kuwa mwanafunzi wake.

Bibi, ambaye hapendi kufurahi peke yake, akageuka kumwita jirani aje ashuhudie. Alipogeuka, akampa Mwalimu Mkuu mgongo.

"Mama," alisema Mwalimu Mkuu, "kabla hujaita watu. Nyuma ya sketi yako kuna kipande cha gauni langu."

"Wapi?"

"Hapo unapokalia. Kikubwa tu. Cha bluu."

Bibi akajipapasa nyuma. Fimbo ikaanguka.

"Nimepita sokoni na hii," alisema kwa sauti ndogo. "Nimepita mbele ya yule mzee wa viatu." Akafikiri kidogo. "Nimepita mara mbili."

Wote wakarudi ndani, na hakuna aliyemkaribisha mwenzake.

Bibi alikaa kwenye benchi, akauliza swali moja tu.

"Nani kakata?"

Mama Fundi akafungua mdomo. Lakini hapohapo mlango wa nyuma ukasukumwa, na Binti akaingia na mkate kwapani, unga kwenye nyusi, anacheka peke yake.

"Mama, wamekubali," alisema kabla hata ya kusalimia. "Kesho siuzi tena. Kesho naingia ndani, kwenye tanuri. Nitafundishwa kukanda mpaka kuoka. Bosi mwenyewe kasema nina mkono wa..."

Akawaona. Akauona mkono wa Mwalimu Mkuu. Akamtazama mama yake, na kicheko kikamtoka usoni kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

"Shikamoo, Bibi. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, kaa chini," alisema Bibi. "Tuna msiba wa nguo hapa."

Kisha Bibi akawa fundi tena. Hata aliyemjua miaka yote angeshangaa jinsi mgongo wake ulivyonyooka. Kitambaa cha bluu kilichobaki hakitoshi mkono, alisema, lakini kilichoko kwenye sketi yake kinatosha. Ule mweusi ufumuliwe. Kipande cha bluu kitolewe kwenye sketi, kikatwe, kishonwe kwenye gauni. Mwalimu atafika shuleni kabla hawajamaliza kupanga viti. "Na wewe," alimwambia mwanawe, "toka. Wanawake wanavua."

Baba watoto akaenda kusimama kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, amegeuka, akiuguza mguu.

Bibi alitoka nyuma ya kabati amejifunga shuka la kitanda, na kwa alivyolishika ungedhani ni vazi la kwenda kutawazwa. Akaitupa sketi mezani.

"Sasa humu ndani mbona giza kama ghala? Fungueni hilo pazia."

"Vumbi, Mama," alisema Mama Fundi haraka. "Vumbi linaingia sana."

"Vumbi la wapi? Asubuhi imenyesha."

"Na nzi."

"Nzi watashona?"

Akalifuata pazia mwenyewe, akalishika kwa mikono miwili, akalivuta lote na kuligeuzia ndani.

Jua likaingia. Na kwenye mgongo wa pazia, mstari mzima, sindano zikametameta, kila moja na mkia wake wa uzi: myeusi, ya bluu, myeupe, myekundu, ya kahawia. Upepo mdogo ukaingia dirishani, mikia yote ikacheza.

Bibi hakuziona mara moja, kwa kuwa zilikuwa karibu mno. Aliona tu kitu kinameta. Akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka mgongo ukagusa kabati. Hapo akaziona.

"Nani kazitunga hizi?"

Mama Fundi akatazama sakafu. Mwalimu Mkuu akamtazama Mama Fundi.

"Mimi, Bibi," alisema Binti.

"Wewe?"

"Mimi. Nilikuwa... najifunza."

"Unajifunza nini?"

"Kushona."

Kizingitini, baba yake akapaliwa na mate. Mara ya mwisho Binti kujaribu kushona alikuwa anatia kifungo kwenye blauzi yake, akiwa ameketi kitandani, na alipoinuka aliinuka na shuka.

"Na huu mkono?" aliuliza Bibi.

"Ni mimi pia. Nilitaka kumsaidia Mama. Vitambaa nikaviona vinafanana. Samahani, Mwalimu. Samahani, Bibi."

Alisema yote hayo akiwa amesimama mbele ya mama yake, kidogo kwa upande, kama mtu anavyosimama kumkinga mwingine na jua.

Bibi hakugomba. Lingekuwa jambo jepesi kama angegomba. Uso wake ulilainika, akamsogelea mjukuu wake, akamshika kidevu kilichojaa unga.

"Kumbe damu yangu ipo," alisema. "Miaka yote nasema, huyu kamfuata nani? Nyumba ya mafundi, yeye na mikate. Kumbe kimyakimya ananifuata mimi." Akamfuta unga kwa ncha ya shuka. "Kukosea kukata si neno. Hata mimi nilianza kwa kuharibu. Ila mtu hajifunzi kwa kujificha nyuma ya pazia. Kesho huendi huko kwenye mikate. Waambie watafute mwingine. Utakaa hapa, pembeni ya mama yako, mpaka mkono utulie."

"Kesho, Bibi?"

"Kesho. Au una kazi nyingine?"

Binti aliutazama mkate aliouacha mezani.

"Hapana, Bibi," alisema. "Sina."

Baba watoto aligeuka nusu pale kizingitini, akataka kusema kitu, akamtazama mkewe. Akangoja.

"Haya, keti," Bibi alimwambia Mama Fundi. "Mwalimu anachelewa. Fumua, kisha upige tacking, ile mishono ya kushikiza tu, kwa mkono kwanza, halafu cherehani." Akachomoa sindano mbili pale alipoona kwa mbali nyuzi nyeusi zinapopakana na za bluu, na kwa kuwa karibu naye hakuona ipi ni ipi, akamwekea zote kiganjani. "Moja nyeusi, moja bluu. Chukua ya bluu."

Mama Fundi akaketi.

Hebu tumtazame hapo alipo. Kiti chake yuko nacho. Sindano imeshatungwa. Kosa limeshapata mwenyewe, na mwenyewe keshasamehewa. Siri iko palepale, imefunikwa vizuri kuliko hata ilivyokuwa jana. Kila alichokuwa akikiomba kila siku akikoroga ile chai yake ameshapewa, tena kwenye sahani.

Kilichobaki ni kuchagua sindano moja kati ya mbili.

Akazitazama. Nyuzi zote mbili zilikuwa ni kitu kimoja, giza jembamba. Akazisogeza mbali. Giza jembamba, mbali kidogo. Waliwahi kupatana ishara, yeye na Binti: akikohoa ni ya kushoto, akikaa kimya ni ya kulia. Akainua macho kuitafuta ishara.

Binti hakuwa anamtazama. Alikuwa anajipangusa unga mikononi, kidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayevua pete ambazo hatavaa tena.

"Hodi humu," ilisema sauti ya mlango wa mbele, na haikungoja kukaribishwa. Alikuwa Wifi. Amesikia kelele za mtaani, alisema, akaona si vizuri kukaa tu. Chini ya kwapa alikuwa amebana mto wa kukalia, wa maua, umeshonwa kwa kipimo cha kiti kile.

"Karibu," alisema Bibi bila kugeuka, macho kwa Mama Fundi. "Wewe, mbona hushoni? Hiyo sindano ina nini?"

Mama Fundi akaishika meza. Miguu yake ilijua sheria, ilikuwa imeshaanza kujikusanya iinuke. Akaituliza. Akazirudisha sindano zote mbili kwenye kiganja cha mama mkwe wake, akakifunga kiganja kile kwa mikono yake miwili.

"Binti kesho aende kwenye mikate yake," alisema. "Hajakata kitu. Hajifunzi kitu. Nimekata mimi."

"Unasema nini, mwanangu?" aliuliza Bibi.

Wifi akaushusha mto taratibu. Mwalimu Mkuu akaushika mkoba wake pale penye kibweta.

"Sindano hizo ananitungia mimi. Nyeusi na bluu sizitofautishi. Tundu silioni, Mama, sijaliona muda mrefu." Alibaki ameketi. "Silioni. Na kwenye kiti hiki sitaki kuinuka."